Paka Aliyekojolea Kiatu cha Waziri

Si zamani za kale, na sungura hayumo. Ni juzi tu, katika nchi ambayo sitaitaja jina kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa, wanapenda kusifiwa. Basi nitaisifu. Ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi, ina Wizara ya Makazi na Utulivu, na ina watu wengi sana wanaolala katika nyumba za watu wengine.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nyumba yetu ilikuwa na korido moja ndefu, vyumba kushoto na kulia, bomba na choo uani, na mlango mmoja wa mbele ambapo kila anayeingia huvua viatu. Hiyo ni desturi ya nchi ile na ni desturi nzuri, maana njia zake zina tope, mavi ya mbuzi na makohozi ya watu wazima wenye afya zao. Hata anayekuja kukutukana huvua kwanza.

Mwenye nyumba, Mzee Songoro, alikaa vyumba vya mbele pamoja na magunia yake ya mahindi. Bata wake walikaa koridoni, na ukitoka bafuni ulirudi chumbani na uchafu mpya kuliko ule uliouosha. Chumba cha mwisho alikaa Mwamvita, ambaye tulimwita Mama Tunu kwa jina la mwanawe, kitoto kilichokuwa hakijaanza hata kutambaa. Mama Tunu alikuwa na paka. Paka wa kwanza wa nyumba ile alikufa kwa uzee, huyu akashika nafasi, na kwa kuwa hakuna aliyemthibitisha tukamwita Kaimu. Mahindi ya mzee yalivuta panya wa mtaa mzima, Kaimu akawapunguza, na sisi tukalala.

Siku moja Waziri wa Makazi na Utulivu, Mheshimiwa Kilindo, alikuja kuketi na wapangaji ili apigwe picha akiketi na wapangaji. Alivua viatu mlangoni kama watu wote. Vilikuwa vya ngozi laini, vipana, vilivyonunuliwa mbali. Akaketi mkekani kwetu, akanywa chai yetu, akatuuliza majina na kuyasahau. Huku nje, Kaimu alikutana na harufu ya ngozi ambayo hajawahi kuisikia maishani, akafanya lile ambalo paka dume hufanya akikuta harufu ngeni. Aliweka yake juu ya ile.

Mheshimiwa alitoka, akatia mguu mbele ya kamera, akaunyanyua kama kuku aliyekanyaga kaa la moto. Alitabasamu. Akaenda na gari lake, na dereva alionekana akifungua vioo vyote.

Wiki haikuisha, tukapata sheria.

* * *

Waziri aliisoma redioni mwenyewe, kwa sauti iliyopakwa mafuta.

"Ndugu zangu wapangaji, Serikali yenu inawapenda. Na kwa kuwa inawapenda, imegundua kwamba mnabanana. Mtu anayebanana na mwenzake anawezaje tena kugawana hewa na mnyama? Kuanzia leo ni marufuku mpangaji yeyote kufuga paka, mbwa, njiwa au kiumbe kingine chochote katika nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba haguswi, kwa sababu mnyama wa mwenye nyumba si mfugo, ni mali. Na ili pasiwe na ujanja ujanja, mfugaji ni mpangaji yeyote ambaye mnyama amepata riziki kwake. Ukimpa hata punje, umefuga. Atakayefuga atahamishwa, na hatapangishwa tena popote nchini. Msidhani nawasemea ninyi peke yenu. Hata mimi ni mpangaji! Nyumba ninayokaa ni ya Serikali. Sheria hii inanibana na mimi!"

Tulipiga makofi. Redio haioni, lakini Mzee Songoro alikuwa amesimama mlangoni anaangalia nani hapigi.

Shuleni nako methali ikarekebishwa. Watoto waliokuwa wamefundishwa kwamba paka akiondoka panya hutawala, wakaambiwa kwamba paka akiondoka utulivu hutawala. Mwanangu wa darasa la tano alijibu ile ya zamani kwenye mtihani akapata sifuri, na mwalimu akaandika kwa wino mwekundu kwamba mzazi aonwe.

"Sasa panya naye," Bi Sauda alimuuliza Mzee Songoro. Bi Sauda alikuwa akiuza vitumbua na ulimi wake haukuwa na kifuniko. "Panya ni mnyama au si mnyama?"

"Panya hafugwi na mtu," Mzee Songoro alisema. "Panya ni mpita njia."

"Mpita njia gani anazalia humu humu?"

"Bi Sauda, we uza vitumbua vyako."

* * *

Kazi ya kuwakamata paka alipewa Bwana Tegemeo, Afisa Mwito Daraja la Pili. Wizara ilimpeleka semina kwenye hoteli ya kando ya ziwa kujifunza namna ya kuita paka, akarudi na cheti na kitambi. Utaratibu ulikuwa huu: afisa anavua viatu, anasimama mwanzo wa korido, anasafisha koo na kuita, "Nyau-nyau-nyau!" Mnyama akitokea, mtu ambaye mnyama atamwendea ndiye anayeshukiwa kufuga.

Tulikuwa tumeshajiandaa. Kila tulipomwita Kaimu tulimmwagia maji, mpaka akajua kwamba mwito ni shari. Bwana Tegemeo aliita mpaka sauti ikamkauka. Kaimu alikaa juu kwenye boriti, akimtazama kama mpiga kura anavyomtazama mgombea aliyeshinda mara ya mwisho.

Siku ya pili afisa alikuja na kikaango na dagaa. Akawasha mkaa uani kwetu, akawakaanga taratibu, akapunga moshi uingie ndani kwa pindo la shati lake. Kaimu akashuka. Akakipita kikaango, akampita afisa, akaenda kusimama miguuni pa Mama Tunu na kuinua uso. Alikuwa paka mwenye adabu. Hakuwahi kula kitu mpaka Mama Tunu amwekee kwenye kifuniko chake cha kopo.

"Huyu ni wako?" Bwana Tegemeo aliuliza.

"Si wangu."

"Mbona anakuomba ruhusa?"

Mama Tunu alimpakata mwanawe. Mtoto alimnyooshea Kaimu mkono, na Kaimu, mpumbavu yule, akaulamba.

"Mama, una bahati," afisa alisema. "Leo nimemkuta kabla hajala. Hajapata riziki kwako, kwa hiyo hujafuga. Lakini jina lako nimelishika."

Akamtia Kaimu kwenye gunia, akaketi juu ya ndoo yetu, akawala wale dagaa wote yeye mwenyewe. Ushahidi, alisema, hauachwi ukazagaa.

* * *

Panya hawakuisoma sheria, lakini walikuwa wa kwanza kuielewa.

Mwanzoni walipita kandokando ya ukuta kwa haya. Baadaye wakapita katikati ya korido, na sisi ndio tukawa tunapita kandokando. Tulikuta mavi yao kwenye mchele, kwenye nepi, kwenye kopo la mswaki. Mkojo wao uliloanisha dari ukawa unadondoka, na tukajifunza kunywa chai kiganja kikiwa juu ya kikombe. Wakati wa kula ilibidi mmoja ale na mwingine ashike fagio. Bi Sauda aliamka akakaanga vitumbua kama kawaida, akauza, na alipofika chini ya ndoo ya unga ndipo akamkuta mmoja humo, amevimba, ameumuka pamoja na hamira. Wateja walikuwa wameshakula na kusifu. Alisukutua mdomo mpaka ufizi ukatoka damu, na kuuza vitumbua akaacha.

Msiniulize kwa nini hatukutega. Tulifikiria. Mtego unataka chambo, chambo ni riziki, na ukimpa mnyama riziki umefuga. Sumu nayo huchanganywa na ugali. Bwana Tegemeo alitufafanulia yote hayo bila haraka, na tukaona kweli mtu huyu amesoma. Tulichoruhusiwa ni fagio, na fagio halijapata kumshinda panya mbio tangu dunia iumbwe.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, Mama Tunu alikuwa bombani akifua. Mtoto alilala ndani, chini ya chandarua. Mama Tunu aliposikia mwanawe anacheka peke yake, alifurahi, akasuuza nguo iliyobaki, kisha akaingia amwone.

Panya wana adabu yao. Humng'ata mtu huku wakimpuliza, asisikie maumivu. Chandarua kilikuwa kimetobolewa, panya amekaa miguuni, mtoto anatekenyeka na kucheka, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kimeliwa ncha yake. Shuka lilikuwa jekundu. Panya yule alimtazama Mama Tunu, akafuta masharubu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshiba harusini, kisha akaondoka. Hakukimbia.

* * *

Mzee Songoro alikiona kitambaa kwenye mguu wa mtoto, na kabla jua halijazama Bwana Tegemeo alikuwa mlangoni anavua viatu.

"Mtoto ameng'atwa?"

"Ameng'atwa," alisema Mama Tunu.

"Damu ilitoka?"

"Ilitoka."

"Panya aliimeza?"

"Baba, mimi ningemuuliza panya?"

"Tusichezeane. Kama aliimeza, amepata riziki. Aliyempa ni mtoto. Mtoto hana umri wa kufuga, kwa hiyo mfugaji ni wewe mama yake."

"Mwanangu ameliwa," Mama Tunu alisema, "halafu mimi ndiye mfugaji?"

"Sheria sikuitunga mimi, mama. Mimi ni Mwito tu."

"Mwanangu, usikasirike," Mzee Songoro alisema kwa upole, huku akichungulia ndani ya chumba. Alikuwa akikipima kwa macho. Mdogo wa mkewe alikuwa akitafuta pa kukaa.

Wakakubaliana kwamba shauri lile lisiishe kimyakimya. Mheshimiwa Waziri alikuwa njiani kuja kuadhimisha mafanikio ya sheria, katika nyumba ileile ilikoanzia, na angefurahi kumhamisha mtu kwa mkono wake, hadharani, awe mfano. Maana yake tuliijua wote. Mama Tunu angetolewa chumbani na asipate kingine nchi nzima, na kitoto chenye donda kingeanza maisha kwenye mabenchi ya stendi.

Sisi wengine tukafanya wanachofanya mashujaa wengi. Tukavaa soksi, tufiche vidole. Maana hapakuwa na chumba kilichosalimika. Mtaa mzima ukavaa soksi katika joto la kuivisha ndizi, watu wanachechemea kwenda sokoni, wakikutana wanaulizana habari na kujibizana nzuri.

* * *

Tuliamriwa kusafisha nyumba. Tulisugua korido, tukachota mavi ya bata kwa koleo, tukapaka chokaa kizingitini, na ukutani mpaka urefu wa macho ya Waziri. Mzee Songoro mwenyewe aliyasogeza magunia yake, jambo ambalo hakulifanya tangu apige plasta. Nyuma ya magunia palikuwa na kiota. Panya jike akaruka, akarudi, akaanza kuwahamisha wanawe mmojammoja. Nilimwona akipita ukutani na kitoto mdomoni, chekundu, hakina manyoya, kama kidole kilichochunwa ngozi. Niliendelea kufagia, kwa sababu wageni walikuwa wameshafika kona. Panya yule naye, kwa upande wake, alikuwa mama aliyehamishwa bila notisi, anatafuta pa joto.

Mheshimiwa alishuka na kamera zake. Alivaa soksi nyeupe na viatu vilevile, vimeoshwa na kutiwa manukato.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kwenye kizingiti hiki Serikali ilidhalilishwa. Leo navua viatu hapahapa. Tuone nani atavichezea!"

Akavivua, akaingia. Tukamlisha pilau, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ipite mtu alikula katika nyumba ile bila kushikiwa fagio, maana lingeonekana kwenye picha. Alikula sana. Alituhakikishia kwamba paka wetu wako salama, wanalinda maghala ya viongozi, na kwamba hawafugwi, wameajiriwa.

"Yule wa hapa yuko ghalani kwangu," alisema. "Amenenepa huyo!"

"Kumbe Kaimu kathibitishwa," Bi Sauda alininong'oneza.

Kisha Waziri akainuka kwenda nje kutoa hukumu. Akatia mguu wa kulia, salama. Akatia wa kushoto, akaukandamiza mpaka kisigino kikaingia, na uso ukamkwama katikati ya tabasamu. Kutoka chini tulisikia sauti ndogo nyembamba, kama mlango wa kabati. Viatu vipana, vyenye joto na manukato: mama panya yule alikuwa amepata chumba.

Kamera zilikuwa zinamwangalia, kwa hiyo Mheshimiwa akaanza hotuba.

"Mama huyu mliyeletewa mbele yenu," alisema, jasho likimchuruzika, "amediriki... ah... amediriki kumlisha panya, tena kwa... ss... kwa damu ya mwanawe wa kumzaa! Je, huo ni uzazi? Ah! Huo ni... uzalendo?"

Mama Tunu alisimama mbele yake na mtoto mgongoni. Sasa alikuwa hamsikilizi tena. Alikuwa anatazama chini. Soksi nyeupe ilikuwa imebadilika rangi juu ya ukingo wa kiatu, na matone yalikuwa yakishuka kwenye chokaa yetu mpya.

"Mheshimiwa, mguu wako," alisema.

"Una nini?"

"Unatoka damu. Mna panya humo, namsikia. Vua upesi, baba, jino la panya lina sumu."

Alisema kama mama yeyote angemwambia mtoto aliyekanyaga msumari. Mheshimiwa akashika shati la Bwana Tegemeo ili asianguke. Afisa akamsogelea sikioni, lakini semina ilimfundisha kuita, haikumfundisha kunong'ona, na sote tulisikia.

"Mheshimiwa, kama ni damu, umeshamlisha. Na wewe ni mpangaji. Ulisema mwenyewe redioni."

Waziri alitazama kiatu. Akatazama kamera. Nadhani aliiona nyumba yake ya Serikali, yenye bustani na ghala na paka aliyenenepa, ikimpungia mkono.

"Hii si damu," alisema.

"Ni nini, Mheshimiwa?" Mama Tunu aliuliza, na nadhani mpaka hapo alikuwa bado anauliza kweli.

"Ni rangi ya soksi. Inachuja."

Soksi ilikuwa nyeupe. Watu wote waliitazama ile soksi nyeupe ikichuja. Mama Tunu akamshusha mwanawe kutoka mgongoni, akafungua kitambaa taratibu, na donda likaanza kuvuja tena. Akauinua ule mguu mdogo mpaka usawa wa macho ya Waziri.

"Basi na hii ni rangi ya soksi," alisema.

Mtoto alikuwa hajapata kuvaa soksi tangu azaliwe. Halafu Bi Sauda akaketi chini kwa kishindo, akavua yake. "Na hii," alisema. Nami nikavua, nikaona aibu kwamba sikuwa wa kwanza. Korido nzima ikavua, kisha walio nje, vidole vilivyoliwa, visigino vilivyooza, na harufu iliyopanda pale sitaisimulia kwa sababu huenda mnasoma kabla ya kula.

"Sema jambo, Bwana Tegemeo," Waziri alisema kwa meno.

Bwana Tegemeo akasafisha koo. "Kwa tamko la Mheshimiwa," alitangaza, "wekundu unaotoka mguuni mwa mpangaji si damu. Pasipo damu hapana riziki, na pasipo riziki hapana mfugaji. Mama abaki chumbani kwake."

Mheshimiwa alipiga makofi. Kisha akatembea mpaka garini, wima, anapunga mkono. Hatua za kwanza kiatu kilipiga kelele ndogo. Akazidi kukanyaga. Alipofika kwenye gari kiatu kilikuwa kimenyamaza, na kilipokunjika kilitoa kitu kwenye matundu ya kamba ambacho bata wa Mzee Songoro walikikimbilia.

* * *

Sheria haikufutwa. Katika nchi ile sheria ikishindwa huongezewa kifungu. Kifungu kipya kinasema kwamba wapangaji hawatoki damu, na zahanati ziliandikiwa zizingatie. Redio husema tangu hapo majeraha ya panya yamekwisha kabisa, na nchi jirani zimetuma watu waje kujifunza.

Mama Tunu alibaki na chumba chake. Panya nao walibaki na vyao. Mtoto anatembea sasa, kwa kuegemea kisigino.

Juzi amehamia bibi harusi kwenye chumba cha pembeni, msichana msafi, bado anacheka ovyo. Asubuhi alikuja bombani akichechemea, na shuka mkononi, amelikunja ili doa lisionekane, na birika la maji ya moto. Sote tuliokuwa tunafua tuliona. Mama Tunu alimpokea lile birika akaliweka kando, akamsogezea ndoo ya baridi na bakuli la chumvi.

"Anza na haya, mwanangu," alisema. "Rangi ya soksi ukiitia maji ya moto, inaganda."